Kwa Lipi Hasa?

Neli, huwezi kuamini nilichosema kanisani sasa hivi!

Leo si Jumapili ya Kusameheana? Mtu anakuinamia, "Nisamehe." Unajibu, "Mungu akusamehe." Maneno mawili tu!

Akanifikia wifi Zhivka. Miaka mitatu hatusemeshani, tangu aseme kwenye mazishi ya mama mkwe kwamba mimi sina machozi. Akainama. "Nisamehe, Radka."

Nikamuuliza, "Kwa lipi hasa?"

KWA LIPI HASA, Neli! Mbele ya padri!

Zhivka akasema, "Wifi, orodha ni ndefu na magoti yananiuma."

Kanisa zima likacheka. Nikainama haraka, "Mungu akusamehe, nami unisamehe," vichwa vikagongana, machozi yakanitoka.

"Kumbe unayo!" akasema, akanikumbatia.

Sasa yuko jikoni kwangu, anadai halua niliyopika imezidi sukari. Nimeonja. Ni kweli.