Wale Wawili Waliotaja Utafiti Wako

Mjukuu wangu Evelina,

Tumsifu Yesu Kristo. Afya yako huko Mbarara inaendeleaje, mafua yameisha? Sisi hapa kambini Rubondo tu wazima, na mjomba wako amefungua duka kijiji cha Misiera.

Umeniuliza kama uache kuchunguza ubongo wa panya na woga wao, maana miaka yote hii ni watafiti wawili tu waliotaja makala yako.

Nilipokuwa msichana Burundi nilitunga wimbo wa Bikira Maria. Desturi yetu, kwaya ikiimba wimbo wa wengine hutaja kwanza ulikotoka. Jumapili moja kwaya ya kijiji cha mlima wa pili ikauimba wangu bila kunitaja. Nikamfuata kiongozi wao nimevimba.

"Mama, huo ni wangu!"

"Kumbe wewe, katoto?" akacheka. "Ubeti wa pili ulitushinda, tukaugeuza. Sikia."

Akaniimbia. Ulikuwa mzuri kuliko wangu! Hasira ikaisha, nikamwomba anifundishe.

Wale wawili wamefanya nini na kazi yako? Wasome kwanza, ndipo uamue. Nakuombea kila siku. Uniandikie upesi, unieleze walichokiona.

Bibi yako,
Domitila