Kigingi Mlangoni kwa Bi. Mwanaidi

Mohoro, 11 Januari 1955

Mdogo wangu Sadala,

Nakusalimu, na mama anakusalimu. Shemeji yako Abdala yuko Kiongoroni anakata boriti, naye angekusalimu kama angekuwapo. Je, kifua chako kimepoa? Huku wazima, ila mama na magoti yake. Mpunga umeota vizuri. Lakini moyo wangu hautulii, ndiyo maana naandika kabla hujaijibu barua yangu ya mwanzo.

Juzi juzi walikuja watu wa kupima, na minyororo yao na bendera nyekundu. Walipima kutoka mtoni hadi barabarani, wakapita sokoni, wakapita na uani kwetu bila kusema neno. Wameacha vigingi kila mahali. Kimoja wamekipigilia mbele ya mlango wetu, barazani karibu na kizingiti, pale anapokaa mama kusuka ukili wake.

Baadaye karani kutoka Utete akatukusanya kwa jumbe, akasoma karatasi. Mohoro itakuwa mji wa biashara, kampuni itajenga duka kubwa, ghala na mashine ya mpunga. Akataja eneo la maduka, eneo la makazi, mstari wa kujengea, jengo la kudumu, mahali pa wazi. Tukatikisa vichwa kama watu walioelewa. Shaabani muuza samaki aliposikia mahali pa wazi alidhani ni mahali pasipo mwenyewe, akaenda kusimamisha nguzo za kibanda. Ameamriwa azing'oe.

Wewe unafanya kazi kwenye ofisi ya ramani. Nieleze maneno haya yana maana gani kwa nyumba yetu. Unajua mama macho yake yako mikononi. Kizingiti, mtungi, njia ya kisimani, vyote anavijua kwa kupapasa. Nikimhamisha hapa itakuwa kama nimempofusha mara ya pili.

Dada yako,
Mwantumu


Dar es Salaam, 25 Januari 1955

Dada Mwantumu,

Shikamoo, na shikamoo yangu umfikishie mama. Mimi sijambo, kifua kimepoa tangu nihame kile chumba chenye unyevu. Nafurahi kusikia mpunga umeota. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikashindwa kula.

Ramani yenu nimeiona. Hata mistari yake mingine nimeichora kwa mkono wangu, sikujua ni wapi mpaka nilipoona jina la Mohoro pembeni. Nisikilize vizuri.

Eneo la maduka ni pale panaporuhusiwa biashara tu. Nyumba yetu imo ndani yake. Atakayejenga humo ajenge jengo la kudumu, maana yake kuta za mawe au saruji na paa la bati. Nyumba ya miti na udongo hairuhusiwi kujengwa upya. Eneo la makazi ndipo watu watakapolala na kuishi, nalo limewekwa nyuma, kuelekea mashambani. Mahali pa wazi ni uwanja utakaoachwa hivyo hivyo, mtu yeyote asijenge. Na mstari wa kujengea ni mpaka usioonekana mbele ya majengo, ili barabara ipate upana na maduka yote yasimame sawasawa. Kitu chochote kisiutangulie, hata nguzo. Kigingi kilicho barazani ndicho kinachoonyesha mstari huo. Kwa hiyo baraza yote iko nje ya mstari.

Bado kuna nafasi. Ramani imetundikwa Utete ili wenye malalamiko wayaseme mbele ya Bwana D.C. kabla haijathibitishwa. Nenda ukaseme. Lakini nakusihi, dada, asiguse mtu kigingi. Kung'oa kigingi cha serikali ni kifungo. Mwambie mama hivyo hivyo, maana namjua.

Mdogo wako,
Sadala


Mohoro, 19 Februari 1955

Sadala ndugu yangu,

Salamu zikufikie, na Mungu akulinde huko. Kwetu afya ipo, usingizi hakuna.

Barua yako ilifika Ijumaa. Kigingi kilikuwa kimeshang'olewa tangu Jumatano.

Nilitoka kisimani nikaona shimo barazani. Nikakitafuta uani, chini ya kitanda, kwenye mgomba. Nikamuuliza mama kama amesikia mtu akipita. Alikuwa amekaa jikoni anapuliza moto. Akanijibu taratibu kabisa, "Nimekipikia uji. Kilikuwa kikavu."

Kumbe alijikwaa nacho akaanguka, akakaa pale pale chini akakitikisa mpaka kikatoka. Sikuweza kumgombeza. Goti lilikuwa limevimba kama boga.

Nilitaka kuchonga kingine nikichomeke, lakini vile vyao vina namba na kichwa chekundu. Jana tarishi wa serikali alikuja na jumbe wakahesabu vigingi vya mtaa mzima, chetu hakipo. Nikasema nimeking'oa mimi. Mama akasikia, akatoka huku akishika ukuta, akasema mtoto wake anasema uongo. Tarishi akaona bora atuite wote wawili Utete. Tunaondoka kesho kwa lori la mpunga. Abdala nimemtumia salamu kwa watu wa mitumbwi, sijui kama zimemfikia.

Mama amefunga kanga yake ya sikukuu. Anauliza Utete tutalala kwa nani. Mimi nauliza kama tutarudi.

Dada yako,
Mwantumu


Dar es Salaam, 8 Machi 1955

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Sijui nikuulize habari gani maana sijui uko wapi. Kama barua hii inakufikia ukiwa nyumbani, nijibu neno moja tu. Kama ni mtu mwingine anayeisoma, tafadhali anitumie habari za dada na mama.

Nimemuuliza mkubwa wetu wa wachoraji, Bwana Abbasi, bila kutaja jina la mtu. Amenieleza jambo ambalo sikulijua. Nyumba iliyotangulia ramani haivunjwi kwa sababu tu imo katika eneo lisilo lake. Inaachwa ilivyo, mradi isiongezwe wala isijengwe upya. Ikianguka ndipo haki yake inapokwisha. Basi kaseme hivyo: nyumba hii ilikuwapo kabla ya ramani. Liseme hilo kabla ya jingine lolote.

Habari za kigingi zinanitia baridi. Kila mlango wa ofisi unapofunguliwa nadhani nimeitwa mimi.

Mdogo wako,
Sadala


Dar es Salaam, 14 Aprili 1955

Dada,

Shikamoo. Hakuna barua yako mpaka leo. Nilikwenda yanapofikia malori, nikamkuta dereva mmoja wa Kibiti, Mrisho. Anasema mto umejaa, pantoni ya Ndundu haivuki, na mifuko ya barua imerundikana Kibiti. Nikajipa moyo kwamba yako imo humo. Kisha akasema huko kwenu nyumba nyingi za bondeni zimelala chini.

Nimeomba ruhusa ya kuja, nimekataliwa mpaka kazi ya mwezi huu iishe. Nachora maduka ya miji mingine. Nikiona kibanda kidogo kwenye ramani siku hizi mkono unasita.

Niandikie.

Sadala wenu


Mohoro, 22 Mei 1955

Mdogo wangu Sadala,

Salamu kwa wingi. Mama yu hai, mimi ni hai, Abdala amerudi. Nayatanguliza hayo ili uweze kusoma mengine ukiwa umekaa. Barua zako mbili zimefika pamoja wiki hii, zimelowa.

Utete tulingoja nje tangu asubuhi. Tulipoingia, karani aliita jina la mama, Bi. Mwanaidi, na Bwana D.C. akamuuliza kwa nini ameharibu alama ya serikali. Mama akasema, "Nilijikwaa na mti mlangoni kwangu. Aliyeupigilia hakubisha hodi." Mkalimani akatafsiri. Mzungu alimtazama mama, akatazama goti lake, akaandika muda mrefu. Mwishowe tulionywa tu. Na kuhusu nyumba alisema yale yale aliyokuambia Bwana Abbasi, ila baraza ikatwe, na endapo nyumba itaanguka tuhamie kiwanja walichotuandikia kule nyuma, eneo la makazi. Tulirudi tunacheka kwenye lori.

Baraza tukaikata. Mama akawa anakaa ndani ya mlango.

Kisha ikaja masika. Ukuta wa nyuma ulilowa siku nyingi, asubuhi moja ukaanguka wote. Hatukuumia. Majirani wakaja upesi na udongo na fito, Shaabani ndiye aliyetangulia. Wakasema tuusimamishe leo leo, karani akipita akute kama ulivyokuwa. Nilikuwa nimeshaanza kukanyaga udongo pamoja nao.

Mama akatuita. "Acheni," akasema. "Mkiusimamisha, nitakuwa nasikiliza kila mguu unaopita kama ni wa askari. Nimesikiliza tangu Januari. Nimechoka."

Nilibisha. Nilimkumbusha tulivyohangaika, nikamwambia huko nyuma atapotea. Akaniambia nimpeleke akapashike. Nikamshika mkono tukaenda mpaka kwenye kiwanja tulichopewa, akakizunguka chote kwa fimbo, akainama akashika udongo, akauliza jua linachomoza upande gani. Nikalia, kwa kuwa yeye hakulia.

Abdala alileta boriti kutoka Kiongoroni, na wale wale waliokuja kuusimamisha ukuta ndio waliotujengea. Mwanzoni mama aligonga paji la uso kwenye kila nguzo. Siku moja alipotea, tukamkuta kwenye shamba la watu. Nilijilaumu sana siku hiyo. Kule sokoni kampuni imeshamwaga mawe, na nyumba yetu sasa ni uwanja mtupu. Mimi napita njia nyingine.

Leo nilipomwambia nakuandikia, alisema nikueleze kwamba ameshajua jogoo yupi ni wa nani, na kwamba jirani wa kulia anakohoa kama marehemu baba, na yule wa kushoto anagombana na mkewe akidhani hasikiki. Anasema ukipata ruhusa uje, atakutembeza yeye.

Dada yako,
Mwantumu