Hema Juu ya Gari, Werugha

Dada Wakesho,

Hamjambo huko Eldoret? Nimefika Werugha, lakini nyumba aliyotuachia mama haipo tena. Mvua iliiangusha, na majani yamefunika hata msingi. Niliegesha kigari changu palipokuwa jikoni, nikafungua hema juu ya paa lake, nikalala katika baridi na ukungu.

Asubuhi Mama Mghoi, yule jirani yetu, akaniletea uji. Amezeeka sana.

"Mtoto wa Mkawasi analala juu ya gari kama kuku, na mimi nina kitanda?" akaniuliza, akimtaja mama yetu kwa jina.

"Nilitaka kulala kwetu, mama."

Akaniongezea uji, akauliza, "Na Wakesho anakuja lini?"

Swali hilo nakuletea wewe. Tumekawia kurudi nyumbani, dada. Wakumbatie watoto kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Mwakio