Mwenye Sauti kwenye Video ya Korali

Mujukuu wangu Furaha,

Hapa mjini Baraka tuko salama. Mama yako alirudi jana toka Kilembwe na mihogo mingi. Unauliza kama ni mi kweli niko naimba mbele, kwenye ile video ya zamani ya korali yetu.

Mulomo ni wangu. Sauti ni ya Eliza, rafiki yangu. Tulirekodi wimbo pamoja, lakini alikufa kabla ya siku ya kupiga video. Basi kule Swima, pembeni ya ziwa, mama yake mwenyewe alinifunga kitenge ya Eliza. Nikasimama fasi yake, nikachezesha mulomo tu.

Batu bananisifu mupaka leo, banazani sauti ni yangu. Wewe, ukiiangalia tena, funga macho.

Koko wako, Nyota