Usiteremke, Dada

Kwa dada yangu Cathaysa, uliyebaki na mbuzi milimani Anaga,

Mimi ni mzima, ila mgongo umekwisha kwa kubeba miwa. Hapa kisiwani Madeira, tulikouzwa mimi na Baba, wananiita Pedro. Unga wetu wa shayiri ya kukaanga haupatikani. Yule mbuzi mweupe amezaa?

Baba alifariki kabla ya mavuno. Hata siku za mwisho hakuelewa. "Kapteni wa Wahispania alikula unga wetu, akanywa maziwa kwenye bakuli langu," aliniambia. "Mtu akishakula nawe, anakuuzaje?"

"Kwao kula ni kushiba tu, Baba."

Mpishi wa kiwanda cha sukari akacheka. "Mzee, si ungemtilia sumu!"

Baba aligeukia ukutani.

Wiki iliyopita kapteni huyohuyo alikuja hapa. "Wewe Pedro, mapadri walikufundisha kuandika, wewe na dada yako. Mwandikie ateremke na watu wake wote. Kuna ubatizo na karamu."

Nilikataa. Wakanichapa siku mbili. Siku ya tatu niliandika. Nilisema tuko huru, Baba anakusalimu, na wakuu wa Wahispania watakula unga pamoja nanyi.

Barua ile anayo kapteni, na meli yake imeshatweka tanga. Hii nimempa baharia mmoja mwenye huruma. Sijui ipi itatangulia. Mwandiko ni mmoja, dada, na zote mbili nimeziandika mimi. Uiamini hii yenye msiba wa Baba.

Nduguyo, kama bado utaniita hivyo,
Ubay