Kidirisha cha Tanuri

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo? Na Mama je, goti limepoa au bado anagombana nalo kila akiinuka? Sisi wazima, ukiondoa kidole changu kilichoungua. Ndiyo maana mwandiko huu ni wa mume wangu, shemeji yako. Ukiuona kama kuku kaparura, nivumilie. Amenuna niliposema hivyo, lakini ameandika.

Uliniuliza kazi ya tanuri la kiwandani ni kazi gani. Basi sikia. Mle ndani yamesimama mabomba marefu yaliyojazwa vipande vya kichocheo cha nikeli, cha kuharakisha gesi kugeuka. Tunapitisha humo gesi ya methani na mvuke, moto ukiyachoma kwa nje, na upande wa pili inatoka hidrojeni na kaboni monoksidi. Mvuke ukipungua, masizi huganda kwenye kichocheo, bomba likapata joto kali mahali pamoja mpaka likapasuka. Mitambo haipimi kila bomba, kwa hiyo mtu huchungulia kwenye vidirisha akatazama rangi. Wekundu ni salama. Ukiona weupe, kimbia ukaseme. Mtu huyo ni mimi. Shemeji yako hushughulikia vali chini ya tanuri hilohilo, na haingii mpaka niseme kuko shwari.

Wiki iliyopita pampu ya maji ilizingua, mvuke ukashuka. Mkuu wa zamu akanituma nikatazame. Nikazunguka vidirisha vyote, nikarudi nikasema mabomba ni mekundu, hakuna neno. Shemeji yako akaingia akipiga mluzi kama kawaida yake. Alipotoka tu, mwenzangu wa zamu iliyofuata akachungulia, akapiga yowe: bomba la pembeni lilikuwa na doa jeupe upana wa kiganja. Wakapunguza moto mbiombio. Mkuu akasema doa hilo lazima lilitokea baada yangu, maana mimi sijawahi kukosea. Wote wakaitikia. Dada, nikaketi sakafuni, wakadhani ni njaa.

Tangu siku hiyo naogopa. Naogopa mngurumo wa moto, naogopa hata ule mluzi, kwa sababu nausikiliza nikingoja ukatike. Na kesho asubuhi ataingia tena kwa neno langu.

Dada, kidole changu hakijaungua. Macho yangu yameingia ukungu. Siku ile sikuona wekundu wala weupe, niliona mwanga tu, nikasema nilichozoea kusema. Hata mistari ya karatasi hii siioni. Nimejaribu kumwambia mume wangu uso kwa uso, ulimi ukawa mzito kila mara. Ndipo nikamwomba aniandikie barua.

Hapa kalamu imesimama. Nasikia pumzi zake tu. Nimemsihi aandike kila neno, asiruke hata moja, kwa kuwa nikinyamaza leo, kesho nitasema tena kuko shwari.

Sasa ameandika. Amesema kesho tutakwenda wote kwa mkuu wa zamu kabla mtu yeyote hajaingia chini ya tanuri. Nilidhani atafoka, hakufoka.

Msalimie Mama na umbusu kwa niaba yangu, ila haya usimsomee. Shemeji yako ameinua vidole mbele ya uso wangu, ameniuliza ni vingapi. Nimekisia vitatu. Amevishusha, anaandika tu.

Ni mimi,
Mdogo wako akupendaye