Wamekupa Babu Mwingine

Nyumbani, chumba cha nyuma ya duka la dobi
Jumapili jioni

Mpendwa kifunguamimba wangu,

Nakusalimu kwa wingi kama nguo zinazoningoja kila Jumatatu. U mzima? Kile kikohozi kimekwisha au umekizoea? Ziba lile dirisha lako kwa tambara, usione haya, baridi haiangalii mtu kavaa nini. Sisi huku hatujambo. Mdogo wako anarefuka mpaka naogopa, suruali aliyoanza nayo muhula sasa inamfika chini kidogo ya magoti. Mgongo wangu unanung'unika lakini kazi unafanya, kama mwenyewe.

Nimekupigia simu mara nyingi, kila mara uko kwenye kikao. Basi nimeamua kuandika. Barua haina kikao.

Mwanangu, nimekasirika. Nimeingoja hasira ipoe, imekataa.

Ulipopata kazi kwa hao wanaofufua majina ya maduka ya kifahari yaliyokufa, mimi ndiye niliyepiga vigelegele. Ulinieleza nikaelewa kwa kadiri yangu. Zamani palikuwa na mzee akitengeneza mikoba ya mabibi wakubwa, akafa bila mtoto, duka likafungwa. Watu wakamsahau kabisa, halafu hao mabosi wako wakaja kununua jina lake. Jina tu, maana kiwanda kimeshakuwa maegesho ya magari na mafundi wake wako makaburini. Nilicheka, nikasema kweli maiti haulizwi sanda. Lakini nikasema pia kazi ni kazi, mwache mwanangu auze mikoba.

Sasa juzi niko kwenye pasi, akaingia jirani yetu msusi na simu mkononi, anahema. "Mama, acha hilo shati, njoo umwone mwanao!" Nikakuona. Umependeza, hilo sikatai. Umekaa kwenye kiti cha mahameli, nyuma yako picha ya yule mzee na kofia yake, na unasema kwa sauti laini ambayo sikukuzaa nayo kwamba huyo ndiye babu yako, na damu yake ndiyo inayokufanya uijue ngozi nzuri kwa kuishika tu.

Damu ipi, mwanangu? Si wewe uliyeniambia hakuacha hata mtoto wa kusingiziwa?

Mabosi wako wamesoma, lakini hili hawakulifikiria. Ukimpa mtu babu, umempa na mama yake baba. Upande wa baba yako mzee wao anajulikana, kwa hiyo mtaa mzima umemleta huyu wa kofia upande wangu. Siku ya kwanza wateja walinitania tu. "Shikamoo binti tajiri! Kumbe pasi unapiga kwa kujifurahisha?" Nikacheka nao. Siku ya pili muuza mkaa akaniuliza mbele za watu, kwa upole kabisa, "Hivi marehemu mama yako aliwahi kufanya kazi za ndani kwa matajiri?"

Nikaiweka pasi chini. Ingebaki mkononi, leo ungekuwa unasikia habari nyingine. Bibi yako, mwanamke aliyeishi na mume mmoja mpaka tukamzika, amepewa hawara akiwa kaburini ili mkoba uuzike! Hawezi hata kutoka kujitetea.

Na babu yako, baba yangu mzazi, yu hai! Fundi bomba aliyezibua vyoo vya mtaa huu wote, akaambiwa ananuka, akaoga akarudi kazini. Ndiye aliyekubeba mgongoni hadi zahanati ulipokuwa na ile homa, mvua inampiga yeye, koti umefunikwa wewe. Nilijitahidi kumficha. Lakini msusi ana mdomo usio na kifuniko, mzee akaomba aonyeshwe. Akatazama mpaka mwisho. Nikangoja atukane. Akasema tu, "Kofia yake nzuri." Chakula hakukigusa. Nilipokuwa namtandikia kitanda ndipo akaniuliza, "Kwani mimi nimekufa lini?"

Niambie wewe, ningemjibu nini?

Najua utasema ndivyo biashara inavyokwenda, bila hadithi mkoba ni ngozi na zipu, na ukikataa watamweka mwingine. Wamweke. Mimi sijakuambia uache kazi, Mungu apishe mbali, usiku nageukageuka nikifikiria kodi ya chumba chako. Uza mikoba yao. Sema ngozi ni nzuri kama ni nzuri. Sema yule mzee alikuwa fundi hodari, wala sina ugomvi naye, maskini, kafufuliwa bila kuulizwa. Ila usisimame mbele za watu ukasema umetoka kwake. Kwenu hakukodishwi.

Zile kadi mbili ulizotutumia za ufunguzi wa duka nilikuwa nimeamua zikae. Nilisema siendi kukaa kwenye viti vya kukodi kumsikiliza mwanangu akinifuta. Lakini jana babu yako kamwita kinyozi nyumbani, kanyolewa, kisha akaniletea suti yake. Akasema, "Piga pasi. Kadi ni mbili, sisi ni wawili. Nitakaa mbele kabisa. Sitatia neno, simwaibishi mjukuu wangu kazini kwake. Nataka tu awe ananitazama wakati anasimulia."

Nimekwisha piga pasi. Tunakuja.

Mdogo wako anakusalimu, tutamwacha kwa shangazi yako, naye anakusalimu. Msusi anaomba radhi kwa mdomo wake, na anasema nywele walizokusuka hao watu zinakuvuta paji la uso. Muuza mkaa sina salamu zake. Babu yako nilimuuliza niandike nini, akasema usiandike kitu, salamu zake atazileta mwenyewe.

Mungu akulinde na njaa, na aibu, na watu wenye maneno matamu. Akupe ujasiri siku hiyo, maana mimi nitakuwa nimekaa pale natetemeka kwa ajili yako.

Ni mimi mama yako, nakupenda na hasira zangu zote.